Nusu Kikombe

Daktari alinichorea tumbo langu nyuma ya bahasha,
kalamu ya buluu, mfuko wa mtu anayehama.
Akalikata kwa mistari miwili, juu hapa, chini hapa,
akaunganisha umio na utumbo kwa kishale kidogo.
"Watu huishi," akasema. "Hula nusu kikombe, mara nane kwa siku."
Nikauliza kikombe hicho ni cha chai au cha kahawa.
Mama akacheka. Mimi sikuwa natania.

Nina miaka ishirini na mitatu.
Napanga matunda ya kiwi kwenye masanduku, Te Puke,
zamu ya usiku, kila mkono glavu mbili kwa baridi.
Siumwi.
Hilo ndilo linalonichosha kulieleza kazini:
nala, nashiba, nacheua kama mtoto,
kamera imeshuka mara mbili ikarudi na picha
za waridi, nyororo, kama ndani ya kombe.
"Hatuoni kitu."
Kwa baba mdogo Paora pia hawakuona kitu.
Machi hawakuona.
Agosti tukachimba.

Kwetu hurithiwa majina, pua, sauti ya kupokezana nyimbo msibani,
na herufi moja iliyokosewa ndani ya damu.
Zamani walisema bibi alikanyaga pasipokanyagwa.
Kisha tukaitwa sote, watu arobaini, viti ishirini,
tukaambiwa: si laana, ni herufi.
Shangazi Huria akauliza, "Na mwandishi ni nani?"
Muuguzi akatazama viatu vyake.

Kinga ni bora kuliko tiba: amesema msimamizi wa zamu,
amesema mwenye duka, amesema mchumba wangu wa zamani,
yeye aliyekimbia sindano ya ganzi ya jino.
Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi.
Nami huwauliza: nyumba yako haijaungua,
ungebomoa jiko?
Hunyamaza. Wala sipati raha ya kuwashinda,
maana nazijua nyumba za ukoo huu
ambazo moto wake ulianzia jikoni.

Binamu yangu Tamahou alikatwa, huu mwaka wa tatu.
Jumamosi, shimo lilipofunuliwa na mvuke ukapanda
wa nguruwe, viazi vitamu, kabichi na udongo,
alikaa pembeni na kisahani,
akatafuna kipande kimoja kwa muda wa hotuba nzima.
Baadaye jasho likamtoka, akalala chali mkekani,
keki imemtia adabu.
Bintiye akamkalia kifuani, akamvuta masikio.
"Unakumbuka kushiba?" nilimuuliza.
"Nakumbuka njaa zaidi. Siku hizi hainijii.
Nala kwa saa, kama treni."
Kisha, "Shuka, mama, baba anataka kuinuka."
Akainuka.

Siku ile nilikula sahani tatu.
Sikuwa naaga chochote. Nilikuwa na njaa.

Mama si wa damu hii; aliolewa ndani yake.
Alimlisha baba mpaka kijiko kikawa adui.
Hajaniambia kata, hajaniambia acha.
Juzi nilirudi kutoka kiwandani alfajiri
nikamkuta ametoa vikombe vyote vya kabati,
kumi na saba, hata kile cha kunyolea cha marehemu,
kila kimoja kina mchele hadi katikati.
Anapima. Anamwaga kiganjani. Anarudisha.
"Hiki kinadanganya," akasema, "kina kitako kinene."
Akasogeza kingine, cha njano, mpini umekatika,
nilichonywea maziwa nikiwa na miaka minne.

Niliketi bila kuvua buti.
Nikaitoa fomu chini ya bakuli la ndimu,
nikaandika tarehe tisa,
nikakosea mwezi, nikafuta, nikaandika tena.
Mama hakugeuka.
"Mchele huu wote," akasema, "nani ataula?"
"Mimi," nikasema. "Weka sufuria."